Calcar ya nyonga na calcar ya popo: je, ni neno lile lile?

Mpigapicha_Mbarara aliuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Ninasomea upigaji wa picha za eksirei hapa Mbarara, na ningeomba wenye ujuzi wa anatomia, wa wanyama au wa Kilatini wanisaidie kuhusu neno moja linalonitatiza. Tukiwa kwenye mafunzo ya vitendo hospitalini, aliletwa bibi mmoja aliyeanguka uani kwake akavunjika nyonga. Ripoti ya picha yake ilisema kwamba ufa umeshuka hadi kwenye calcar na kwamba kipande cha trokanta ndogo, yaani ule uvimbe mdogo wa mfupa wa paja ulio upande wa ndani chini ya shingo yake, kimebanduka. Nililichukulia neno hilo kuwa jina mojawapo la sehemu za mfupa wa paja, nikaendelea na kazi. Jioni ile ile, mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja, ambaye anasomea wanyama na amerudi kutoka mazoezi ya msituni Kibale, alinionyesha mwongozo wa kutambua aina za popo. Swali mojawapo la mwongozo huo linamtaka mtu atazame kama calcar ya popo ina ukingo wa ngozi au haina.

Tukaanza kubishana. Yeye anashikilia kwamba neno hili limetokana na kalsiamu, kwa kuwa mfupa umejaa kalsiamu, na kwamba calcar ni jina la mahali popote ambapo madini hayo yamejikusanya kwa wingi. Mimi hoja hiyo hainiingii akilini, kwa sababu mwongozo wake mwenyewe unasema kwamba calcar ya popo ni gegedu. Tena kuna mfupa wa kisigino uitwao calcaneus, ambao kwa jina unafanana na calcar, ingawa uko mbali sana na nyonga.

Naomba kujua kama hili ni neno moja au ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati, kama lina uhusiano wowote na kalsiamu, na hasa mimi nielewe nini ninapolikuta kwenye ripoti ya nyonga.


Mkufunzi_wa_Anatomia alijibu:

Ndugu Mpigapicha, ni neno moja, na kalsiamu haihusiki nalo hata kidogo.

Katika Kilatini, calx ni kisigino, na kutokana nalo likapatikana calcar, ambacho ni kile chuma chenye ncha ambacho mpanda farasi hukifunga nyuma ya kiatu, kwenye kisigino, ili amchome farasi ubavuni aongeze mwendo. Kwa kuwa chuma hicho kinafanana kabisa na ule mwiba mgumu unaoota nyuma ya mguu wa jogoo, ambao Waswahili wanauita kikwaru na wengine kipi, Warumi walitumia neno hilo hilo kwa jogoo pia. Mfupa wa calcaneus nao umetoka kwenye calx hiyo ya kisigino, kwa hiyo wewe uliona vizuri kwamba majina haya ni ndugu. Kilichomchanganya mwenzako ni kwamba Kilatini kina calx nyingine, inayotamkwa na kuandikwa vile vile, ambayo maana yake ni chokaa na ambayo asili yake inaaminika kuwa neno la Kigiriki lenye maana ya kokoto. Kutokana na calx hii ya chokaa, Mwingereza Humphry Davy aliunda jina kalsiamu mwaka 1808 alipofanikiwa kuitenga metali hiyo kwa umeme. Warumi waliokuwa wakifunga calcar viatuni hawakuwa na habari yoyote ya kalsiamu.

Sasa tuje kwenye nyonga, ambako ndiko hasa swali lako liliko. Jina kamili ni calcar femorale, na linahusu bamba la mfupa mgumu lililo ndani ya sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Bamba hilo linaanzia kwenye ukuta wa nyuma na wa ndani wa mfupa, karibu na trokanta ndogo, kisha linapanda likielekea upande wa nje, kwenye trokanta kubwa, yaani uvimbe mkubwa wa upande wa nje wa mfupa huo, na juu linaungana na ukuta wa nyuma wa shingo ya mfupa. Upande wa ndani ni nene, na kadiri linavyoelekea nje ndivyo linavyozidi kuwa jembamba. Ukiukata mfupa huo kwa upana pale ilipo trokanta ndogo na kuutazama kutoka juu, utaliona limechomoza kutoka ukutani kuingia ndani ya mfupa wa sponji, na hapo ndipo utakapokubali kwamba jina lake limelifaa. Mjerumani Friedrich Merkel alilieleza mwaka 1874 kwa jina la Kijerumani ambalo nalo maana yake ni kikwaru cha paja.

Kazi yake ni kupokea uzito. Mtu anaposimama, mzigo wa mwili unashuka kupitia kichwa cha mfupa wa paja, ambacho hakiko juu ya mhimili wa mfupa bali kimeegemea upande wa ndani, kwa hiyo sehemu ya ndani na ya nyuma ya shingo ndiyo inayobanwa zaidi, na calcar inaupitisha mzigo huo hadi kwenye ukuta imara wa shina la mfupa. Ndiyo maana ripoti ya yule bibi haikuishia kusema kwamba nyonga imevunjika. Ukuta huo wa nyuma na wa ndani ukishavunjika na trokanta ndogo ikabanduka, mfupa hauna tena mahali pa kuegemea upande huo, na daktari wa mifupa anajua kwamba mvunjiko huo si thabiti na kwamba hata akiuunga kwa chuma, chuma hicho ndicho kitakachobeba mzigo ambao mfupa ulipaswa kuubeba.

Hapa pana jambo moja ambalo vitabu vingi vinalipita haraka. Wapasuaji wengi wanaposema calcar hawamaanishi bamba hilo la ndani. Wanamaanisha ukuta mnene wa upande wa ndani wa shingo ya mfupa, yaani ule mstari mweupe uliopinda unaouona vizuri kwenye picha ya eksirei iliyopigwa kutoka mbele, juu kidogo ya trokanta ndogo. Mtu aliyewekewa nyonga ya bandia akiambiwa kwamba calcar yake imeliwa, kinachozungumziwa ni ukuta huo. Bamba lenyewe halionekani vizuri kwenye picha ya kawaida, kwa sababu limefunikwa na vivuli vya mifupa mingine, na anayetaka kuliona barabara anahitaji picha ya CT, ile ya eksirei na kompyuta inayoonyesha mwili vipande kwa vipande.

Begani pia utalikuta. Ukuta wa ndani wa mfupa wa mkono wa juu, chini ya kichwa chake, nao unaitwa calcar, na mwaka 2004 Hertel na wenzake walionyesha kwamba mfupa huo ukivunjika na kichwa kikabaki na kipande cha ukuta huo chenye urefu usiofika milimita 8, uwezekano wa kichwa kukosa damu unaongezeka. Ule mwiba wa mfupa unaoota chini ya kisigino, ambao wagonjwa wengi huja nao wakisema wamekanyaga msumari usioonekana, jina lake la Kilatini ni calcar calcanei. Katika jina hilo neno kisigino limejirudia, kwa sababu ni kikwaru, ambacho asili yake ni kisigino, kilichoota kwenye mfupa wa kisigino.


Popo_na_Ndege (Fort Portal) alijibu:

Mwalimu amemaliza upande wa binadamu, mimi niongeze wa wanyama, maana huko ndiko neno hili linakotumika kila siku.

Popo wengi wana utando wa ngozi uliotandazwa kati ya miguu ya nyuma, na kwa popo wenye mkia mrefu utando huo unaushika mkia nao. Calcar ni kijiti kinachoota kwenye kifundo cha mguu, kikiwa kimeungana na mfupa wa kisigino, kikaelekea upande wa mkia kando ya ukingo wa utando huo. Kazi yake ni kuukaza na kuuongoza utando. Popo anayekula wadudu anaweza kuukunja utando wake kama mfuko akamnasa mdudu hewani, na asingeweza kufanya hivyo kama ukingo ungekuwa unalegea. Kwa popo wengi kijiti hicho ni gegedu, ambayo kwa baadhi ya spishi huingiwa na chokaa au hata kugeuka mfupa, kwa hiyo mwenzako asiitumie chokaa hiyo kama ushahidi wa hoja yake, kwani jina halikutolewa kwa sababu hiyo.

Ule ukingo wa ngozi anaoulizia mwongozo ni kipande kidogo cha ngozi kilichojitokeza upande wa nje wa calcar, mbali na utando wenyewe. Ukimshika popo mkononi, mvute mguu wa nyuma taratibu mpaka utando unyooke, kisha elekeza taa ya kichwani nyuma yake, na ukingo huo, kama upo, utauona ukijitenga na kijiti chenyewe. Baadhi ya popo wanaofanana sana kwa manyoya na kwa ukubwa hutofautishwa kwa alama hiyo. Glovu zivaliwe, na asiyechanjwa kichaa cha mbwa asimshike popo kabisa.

Tofauti baina ya makundi ni kubwa. Popo wavuvi wa Amerika, Noctilio leporinus, wana calcar ndefu mno ambazo huzitumia kuinua utando usiguse maji wanapokwangua uso wa mto kwa kucha wakitafuta samaki. Yule popo mdogo kupita wote wa Thailand, Craseonycteris thonglongyai, hana calcar hata kidogo. Kwa popo walao matunda, kama wale ambao wakazi wa Kampala wamewazoea, au wale wa pango la Maramagambo kule Queen Elizabeth, kuna kijiti kinachofanana na calcar lakini hakijaungana na mfupa wa kisigino. Kimeshikamana na kano ya msuli wa shavu la mguu, na ndiyo maana watafiti wengine wanakataa kukiita calcar na wanakipa jina la peke yake. Naona wana haki, kwa sababu viungo viwili vinavyofanya kazi inayofanana si lazima viwe na asili moja.

Kwa kuwa nimelitaja pango la Maramagambo, chatu wanaovizia popo pale nao wana vikwaru, kimoja kila upande wa tundu la chini. Hivyo ni mabaki ya miguu ya nyuma, na kwa dume ni vikubwa kuliko kwa jike, naye huvitumia kumpapasa jike wakati wa kujamiiana.

Kwa ndege, neno lenyewe limerudi kwenye asili yake. Kikwaru cha jogoo kina kiini cha mfupa kilichoungana na mfupa wa mguu, na juu yake kimevikwa ala ngumu ya keratini, ile ile inayotengeneza kucha na pembe. Si kidole wala si ukucha wa kidole. Nalisisitiza hili kwa sababu majina mengi ya ndege yamelichanganya. Dudumizi, ambaye kila mtu anayekaa karibu na kinamasi amemsikia akibubujika alfajiri, ni wa jenasi Centropus, jina la Kigiriki alilolitoa Illiger mwaka 1811 lenye maana ya mguu wenye mchokoo, lakini ukimtazama utaona kwamba kinachosemwa ni ukucha mrefu ulionyooka wa kidole cha nyuma. Hali ni hiyo hiyo kwa ndege wa jenasi Calcarius wa nchi za baridi za kaskazini, waliobeba neno letu waziwazi ingawa walicho nacho ni ukucha mrefu tu.

Wenye vikwaru vya kweli ni kwale. Wale wa jenasi Pternistis, ambao ukipita Murchison Falls asubuhi unawakuta barabarani, jina lao ni la Kigiriki pia, na maana yake ni apigaye kwa kisigino. Kuna mmoja wa Afrika Magharibi ambaye Linnaeus alimpa jina bicalcaratus, mwenye vikwaru viwili, na kweli anavyo viwili katika kila mguu. Na kuna ndege ambao kikwaru chao hakiko mguuni bali kiko kwenye kiungo cha bawa. Bata bukini mkubwa wa vinamasi vya Ziwa Viktoria, Plectropterus gambensis, anacho hapo na anapigania nacho, na ndege wa kandokando ya maji aitwaye Vanellus spinosus anacho pia. Huyo bata, nikipita tu, nyama yake inaweza kuwa na sumu kwa sababu ya mbawakawa anaowala, kwa hiyo msimfanye kitoweo.


Padri_Mstaafu_Masaka alijibu:

Nimefundisha Kilatini seminarini kwa muda mrefu, na ninafurahi kuona vijana wakilihangaikia neno la zamani kiasi hiki. Niongeze machache ya sarufi, kwa kuwa ndiyo yatakayowasaidia mnaposoma majina ya viumbe.

Neno hili si la kiume wala la kike. Umoja ni calcar, umilikishi ni calcaris, na wingi ni calcaria, kwa hiyo anayeandika calcares au calcari kwa wingi amepotoka. Kivumishi chenye maana ya mwenye kikwaru ni calcaratus, na umbo lake hubadilika kufuata jinsia ya jina, likawa calcarata au calcaratum. Lipo pia calcareus, lenye maana ya -a chokaa, ambalo ni la ile calx nyingine. Herufi chache tu zinayatenganisha, na nimeona watu wazima wenye shahada wakiyachanganya. Mkikutana na jina la spishi lenye calcaratus, tafuteni kitu kilichochomoza. Mkikutana na calcareus, tafuteni rangi nyeupe ya chokaa au kiumbe kinachopenda udongo wa chokaa.

Kuna mfano mmoja ambao ulinipendeza sana nilipoufahamu. Baharini wamo viumbe wadogo wa chembe moja walio ndani ya ganda, wa jenasi Calcarina, iliyopewa jina na Mfaransa d'Orbigny mwaka 1826. Ganda lao ni la kalsiamu kaboneti, yaani chokaa tupu, na kwenye fukwe fulani za Bahari ya Pasifiki maganda hayo ni mengi hata watu wanayauza kama mchanga wa nyota. Yeyote angedhani kwamba jina limetokana na chokaa. Sivyo. Limetokana na calcar, kwa kuwa ganda lina miiba iliyotawanyika pande zote kama lile gurudumu dogo la nyota lililo kwenye chuma cha mpanda farasi. Mwenzako, ndugu Mpigapicha, angeipata Calcarina kwanza kabla ya popo, ubishi wenu usingekwisha leo.

Upande wa mimea, calcar ni ile mirija iliyofungwa mwisho inayoota nyuma ya ua, ikiwa imetokana na petali au sepali, na ndani yake mna mbochi. Ua la Impatiens, ambalo linaota kwenye kingo za vijito vya misitu yetu na ambalo watu wa mjini hulipanda kwenye vyungu, lina mrija kama huo nyuma yake, mwembamba na uliopinda. Maua ya okidi ndiyo yaliyopita kiasi. Angraecum sesquipedale ya Bukini, yaani Madagaska, ina mrija wa karibu sentimita 30, na Charles Darwin alipoupata mwaka 1862 alisema kwamba lazima kuwepo nondo mwenye mrija wa kunyonyea wenye urefu unaolingana na huo. Walimcheka baadhi, lakini mwaka 1903 Rothschild na Jordan walimtangaza nondo huyo na kumwita praedicta, aliyetabiriwa.

Nimalizie na mmea wa uani petu. Kibwankulata, ambao Baganda wanaupanda kama ua wa mipaka na kuutumia kwa dawa, ulijulikana kwa muda mrefu kama Plectranthus barbatus. Plectranthus ni Kigiriki, na maana yake ni ua lenye kikwaru, kwa sababu plektron kwa Wagiriki ni kitu cha kupigia, kikiwemo kikwaru cha jogoo. Jina lilitolewa mwaka 1788 kwa kuangalia mmea mwingine wa Afrika Kusini ambao kweli una uvimbe kama kikwaru kwenye sehemu ya chini ya mrija wa ua. Kibwankulata chenyewe hakina, na wataalamu sasa wamekihamishia kwenye jenasi Coleus. Kwa hiyo mtu aliyetafuta kikwaru kwenye maua yake miaka yote hiyo alikuwa akitafuta kisichokuwepo.


Mpigapicha_Mbarara aliandika:

Nawashukuru sana, Mwalimu, Padri na ndugu wa Fort Portal. Mwenzangu amesoma yote, na amekubali, ingawa ameomba Calcarina isitajwe tena.

Nimeangalia kwenye faharasa ya kitabu chetu cha anatomia nikaona pia calcar avis, na ukurasa wake uko kwenye sura ya ubongo. Avis najua ni ya ndege. Ndege huyo anafanya nini kwenye ubongo wa mtu?


Mkufunzi_wa_Anatomia alijibu:

Huyo ndege ana historia ndefu kuliko wote waliotajwa hapa.

Ndani ya kila nusu ya ubongo kuna chumba chenye majimaji, na chumba hicho kina pembe inayoelekea nyuma, kwenye kisogo. Kwenye ukuta wa ndani wa pembe hiyo kuna uvimbe mrefu uliopinda, wenye ncha. Mpasuaji Mfaransa Morand, katika karne ya 18, aliufananisha na kikwaru cha jogoo, na Kilatini kikapata calcar avis, kikwaru cha ndege. Mwenzake Vicq d'Azyr aliuita hippocampus mdogo, kwa kuufananisha na ule uvimbe mkubwa wa hippocampus ulio karibu. Uvimbe huo hauna nyama yake ya pekee. Unatokea kwa sababu nje ya ubongo, upande wa ndani wa kisogo, kuna mtaro wenye kina kirefu uitwao sulcus calcarinus, na mtaro huo umezama hadi ukausukuma ukuta wa chumba kuelekea ndani. Kwa watu wengine uvimbe ni mkubwa, kwa wengine mdogo, na hata ndani ya mtu mmoja kushoto na kulia vinaweza kutofautiana.

Pande mbili za mtaro huo ndizo zenye gamba la ubongo linalopokea habari kutoka machoni. Mwaka 1776, Francesco Gennari, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Parma, alikata ubongo uliogandishwa akaona mstari mweupe ndani ya gamba la eneo hilo, mstari unaoonekana kwa macho matupu bila darubini. Kiharusi kikiharibu kingo za mtaro wa upande mmoja, mgonjwa anapoteza nusu ya upeo wa kuona wa upande wa pili, katika macho yote mawili. Kwa hiyo neno calcarine utalikuta kwenye ripoti za CT za kichwa mara nyingi zaidi kuliko calcar avis.

Historia niliyoitaja ni hii. Mwaka 1857 Richard Owen, mwanaanatomia aliyeheshimika kuliko wote Uingereza wakati huo, alitangaza kwamba binadamu anastahili kuwekwa kwenye kundi la peke yake miongoni mwa mamalia kwa sababu ubongo wake una mambo matatu ambayo nyani wakubwa hawana, na mojawapo ni huo hippocampus mdogo, yaani calcar avis yetu. Gorila na sokwe, kwa maneno yake, hawakuwa nao. Thomas Huxley, mwanabiolojia aliyemtetea Darwin na nadharia yake ya mageuzi, alimpinga hadharani Oxford mwaka 1860, na kwa miaka kama miwili wakabishana magazetini na kwenye vyama vya wasomi, huku wenzake Huxley wakipasua bongo za nyani wa kila aina mbele ya mashahidi. Kila ubongo uliopasuliwa vizuri ulikuwa na uvimbe ule. Huxley mwenyewe, mwaka 1861 alipoueleza ubongo wa kima mmoja wa Amerika, ndiye aliyeupa mtaro wa nje jina la calcarine. Owen alikuwa ametegemea, pamoja na mengine, mchoro wa ubongo wa sokwe wa mwaka 1849 uliotolewa na Waholanzi Schroeder van der Kolk na Vrolik, na Waholanzi hao wenyewe walijitokeza kueleza kwamba ubongo waliouchora ulikuwa umepoteza umbo lake.

Watu huusimulia ugomvi huo kama ushindi wa mageuzi dhidi ya dini, lakini mimi naona kiini chake kilikuwa cha maabara. Ubongo usiohifadhiwa vizuri hulegea na kubonyea, na pembe ya nyuma ya kile chumba hufungika, kwa hiyo anayetafuta kikwaru ndani yake hatakipata hata kama kipo. Huo ubishi ungeweza kumalizwa na chupa ya spiriti na kisu kikali. Na gorila wetu wa Bwindi, ambao siku hizi watu wanapanda ndege kuja kuwaona, wangalikuwa na la kusema kuhusu kuwekwa nje ya kundi kwa sababu ya uvimbe waliokuwa nao tangu mwanzo.


Wadudu_wa_Mahindi alijibu:

Niongeze kidogo tu kutoka shambani. Katika familia ya wadudu wafyonzaji iitwayo Delphacidae, mguu wa nyuma una mwiba mkubwa unaochezacheza kwenye mwisho wa muundi, na mwiba huo tunauita calcar. Ukiukuta, umeijua familia, bila kuhitaji kuangalia kitu kingine chochote. Peregrinus maidis, anayeeneza virusi kwenye mahindi, ni wa familia hiyo. Kwa nyuki, calcar ni mwiba wa mguu wa mbele unaoshirikiana na kijishimo cha mguu huo huo kusafisha vipapasio vya kichwani.


Tabibu_wa_Zamu alijibu:

Mwalimu, kwa heshima zote, naona tunampotosha mwanafunzi. Kwenye wodi za mifupa ninakofanya kazi, calcar ni ule ukuta wa ndani wa shingo unaoonekana kwenye eksirei, na kila daktari anaelewa hivyo. Lile bamba la Merkel hatulizungumzii, na CT yenyewe mgonjwa anaweza kuisubiri siku nyingi. Akiandika kwa maana ya vitabu, atasomwa kwa maana ya wodi, na hapo ndipo makosa yatakapotokea.


Mkufunzi_wa_Anatomia alijibu:

Daktari, hatubishani sana. Nakubali kwamba maana ya wodi imeshika mizizi na haitang'oka kwa sababu ya walimu wa anatomia. Ninachokataa ni ripoti kuandika calcar peke yake, kana kwamba neno hilo ni jina la kitu kimoja tu mwilini, wakati hapa tumeliona begani, kisiginoni na kwenye ubongo, tukiacha popo. Kikwaru lazima kiwe cha kitu fulani, na ndiyo maana Kilatini cha anatomia kinaliambatanisha na neno la pili.

Ndugu Mpigapicha, ukiona kwenye picha ya mbele kwamba ufa umepita ule mstari mweupe uliopinda, andika kwamba ukuta wa ndani wa shingo ya mfupa wa paja umevunjika, utaje na umbali kutoka trokanta ndogo, na kama trokanta hiyo imebanduka sema imesogea wapi na kwa milimita ngapi. Daktari wa zamu akitaka kuuita ukuta huo calcar atauita, na aliyesoma anatomia hatakuwa na la kuuliza. Neno calcar femorale lihifadhi kwa picha ya CT ambapo bamba lenyewe unaliona.


Tabibu_wa_Zamu alijibu:

Hilo nimelikubali. Na umbali kutoka trokanta ndogo tafadhali usiachwe, kwa sababu ni mojawapo ya mambo tunayoyaangalia tunapoamua kama bibi atapigwa skrubu za nyonga na bamba la chuma au msumari wa ndani ya mfupa.